Bosi wa mbao Mafinga kanifukuza kwa mdomo, anasema kibarua hana haki

Mtoto wa Changarawe

Kamweni wakuu. Nilikuwa nafanya kazi kiwanda cha mbao hapa Mafinga, hizi mashine tunazoita dingidongi. Nimeingia Machi 2021, tangu hapo sijakaa benchi ila sikukuu. Kazi yangu kusukuma magogo kwenye msumeno. Nalipwa 12,000 kwa siku, pesa tunachukua Jumamosi. Mkataba sijawahi kuuona, majina yetu yapo tu kwenye daftari la karani.

Juzi juzi gogo la paina limeingia na msumari ndani. Msumeno ukang'oka meno. Bosi hakuuliza chochote, akaniambia "kesho usije". Pesa ya wiki nzima kaizuia, eti inafidia msumeno. Nikamwambia nitaenda kwenye sheria, akacheka: "Wewe kibarua, utaenda na karatasi gani?" Miaka minne na zaidi, ni kweli sina changu?

Kinyanambo Boy

Kaka, mbao zipo kila kona. Hamia kiwanda kingine, kesi zinakula nauli tu.

Mzee wa Nyololo

Usimsikilize huyo. Mimi nilikuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi kwenye mashamba ya chai, na hilo neno "kibarua" nimelisikia mpaka masikio yameota sugu.

Mdogo wangu, sheria haiangalii bosi anakuitaje. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inasema ukitimiza hata moja ya dalili ilizozitaja, unachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka mwenye kubisha athibitishe vinginevyo. Sasa jiulize. Msumeno ni wa nani? Nani anakupangia saa ya kuingia na kutoka? Una kipato kingine? Umefanya kwake wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu ya mwisho? Wewe saa 45 unazimaliza kwa wiki moja.

Kukosekana kwa mkataba wa maandishi, kosa ni lake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, nayo ya 2004, inamtaka mwajiri akuandikie masharti ya kazi. Mkifika mbele ya Tume, ile inayoamua migogoro ya kazi, bila karatasi, mzigo wa kuthibitisha masharti unamwangukia yeye. Kwa hiyo aache kucheka.

Hiyo pesa ya wiki ndiyo iliyonikera. Siku sita ni 72,000. Ili akukate kwa ajili ya hasara, hasara hiyo iwe imetokana na uzembe wako, akueleze kwa maandishi, akupe nafasi ya kujitetea, na wewe ukubali kwa maandishi. Hata hayo yote yakitimia, makato yasizidi robo ya ujira, yaani 18,000 hapo. Na msumari uliomo ndani ya gogo wewe ungeuonaje? Una macho ya eksirei?

Kiinua mgongo ni mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka kumi. Kwako 84,000 mara minne, 336,000. Notisi kwa anayelipwa kwa siku au kwa wiki ni siku nne, 48,000. Ongeza likizo ambayo hukupewa na cheti cha utumishi. Hapo sijagusa fidia ya kuachishwa isivyo halali, hiyo inaamuliwa na Tume.

Ila angalia kalenda! Malalamiko ya kuachishwa kazi yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Ukichelewa unaanza kuomba kuongezewa muda, na hapo wengi wanaishia. Madai mengine kama mshahara uliozuiwa ni siku 60.

Duka la Vifaa Makambako

Mimi ni mwajiri na nina vijana wangu. Mzee kasema kweli lakini tusiwageuze mabosi wote mashetani. Msumeno mmoja ukiharibika kazi inasimama na mteja wa Dar anapiga simu kila saa. Hata hivyo huyu bosi kajichimbia mwenyewe. Angempa tuhuma kwa maandishi, akampa angalau saa 48 ajiandae, kijana akaja na mwenzake kikaoni, akasikilizwa. Karatasi mbili tu. Mimi nilifundishwa hayo na afisa kazi, tena kwa ukali, na tangu hapo kila kijana ana faili.

Halafu muulize kama alikuwa anakupelekea michango NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Wengi wanakata na hawapeleki.

Mtoto wa Changarawe

Asanteni sana. NSSF hakuna, hajawahi hata kukata. Leo karani kanipigia, anasema bosi yuko tayari kunipa laki moja nisaini karatasi kwamba sina madai. Nyumbani unga umeisha, mzee. Nichukue?

Mzee wa Nyololo

Shida naijua. Lakini hiyo karatasi usiisaini. Mwambie karani akupe 72,000 zako za wiki, na risiti iandikwe hivyo hivyo: "malipo ya wiki", na tarehe. Hiyo saini. Neno "sina madai" likiwemo, rudisha kalamu. Akitaka kumaliza yote, mkamalizie kwa msuluhishi wa CMA, makubaliano ya pale yana nguvu.

Wahi ofisi ya CMA Iringa mjini wiki hii, kufungua shauri hulipi. Omba fomu namba moja, F1. Nakala unamkabidhi bosi kwanza na asaini kupokea. Akikataa, nenda posta utume kwa rejista, risiti uitunze. Na kama kuna mwenzako bado yuko ndani, apige picha kurasa za daftari lenye jina lako kabla halijapotea.