Maonyesho makubwa ya gemu yanatuuzia foleni, na tunaendelea kuyasifia

Wakuu, nina hasira na leo naisema yote.

Kila Agosti ikikaribia, vijana wa Dar na Nairobi wananiandikia kuniuliza kama inafaa wajichange waje Ujerumani kuona Gamescom, maonyesho ya gemu yanayofanyika Köln. Wameshaangalia video: taa, skrini zenye ukubwa wa ukuta, watu wanashangilia. Foleni hakuna anayezirekodi.

Niwaambie kilichonitokea kwenye moja ya maonyesho haya ya Ulaya, jina naliacha. Milango ilipofunguliwa tu nikaelekea moja kwa moja kwenye banda la kampuni moja kubwa. Nikasimama. Kamba zimezungushwa huku na huku, unapishana na sura zilezile kila mnapokata kona, pa kukaa hakuna, na ukienda choo umepoteza nafasi. Mbele yangu kulikuwa na baba na binti yake, mtoto wa darasa la sita hivi, amevaa ule mkanda wa mkononi wa kuonyesha umri. Muda wote alikuwa anamweleza baba yake wahusika wa gemu, mmoja baada ya mwingine. Tukiwa tumebakiwa na watu wachache mbele yetu, akaja mfanyakazi wa banda, akafunga kamba, akasema kwa leo basi. Palepale mlango wa pembeni ukafunguliwa, wakaingizwa watu wenye kamera na beji za shingoni ambao hawakusimama hata dakika. Binti akaanza kulia. Baba akauliza kwa adabu kabisa kama wanaweza kuwekewa nafasi kesho. Akajibiwa apange foleni upya kesho. Kesho ni tiketi nyingine!

Msiniambie ni bahati mbaya. Pigeni hesabu. Banda lenye mashine 40, kila mtu akipewa dakika 20, linahudumia watu 120 kwa saa. Kwa saa kumi ni watu 1,200, kwa siku tano 6,000. Gamescom ya 2025 ilitangaza wageni 357,000. Yaani kwa gemu moja inayotafutwa, hata watu wawili kati ya mia hawafikiwi. Waandaaji wanaijua hesabu hii kabla hawajauza tiketi ya kwanza, na kampuni inaijua pia. Foleni ndefu inapendeza kwenye picha, inaonyesha gemu inagombaniwa, kwa hiyo nani ana haraka ya kuifupisha? Sisi tunalipa kiingilio halafu tunageuzwa tangazo lao.

Na tunasimama foleni kwa ajili ya nini hasa? Agosti hiyo ya 2025 demo, yaani kipande cha kujaribia, ya gemu ya Hollow Knight: Silksong ilikuwepo Köln, watu wakaipangia foleni. Tarehe 4 Septemba, wiki mbili tu baadaye, gemu nzima ikatoka kwa dola 20 hivi. Ungeicheza umekaa nyumbani kwako.

Mnaokumbuka E3, yale maonyesho ya gemu ya Marekani, mnajua tabia hii haikuanzia Ujerumani. Ilianza 1995 kama maonyesho ya watu wa biashara na waandishi. Mwaka 2017 wakafungulia umma tiketi 15,000, na mabanda yakabaki yaleyale ya kuhudumia wanunuzi na waandishi, ndani ya ukumbi uleule wa Los Angeles. Watu wakabanana hadi kutembea kukawa kazi. Mwaka 2019 wakaacha orodha yenye anwani na simu za waandishi zaidi ya 2,000 ikiwa wazi kwenye tovuti yao. Desemba 2023 wakatangaza kwamba E3 imekufa moja kwa moja. Mimi sikuililia.

Tokyo Game Show pale Makuhari Messe, Chiba, angalau inatenga siku za wafanyabiashara na siku za umma, na mabanda mengi yanagawa karatasi zenye namba. Zikiisha asubuhi unajua zimeisha, unaenda kuangalia vingine. Kibanda cha PS mtaani unatoa jero yako na mwenye kibanda anakwambia wako wangapi kabla yako. Kampuni za mabilioni zinashindwa nini?

Inawezekana, nimeona kwa macho yangu. Nendeni Essen mwezi Oktoba, mwendo wa kama saa moja kwa treni kutoka Köln. SPIEL ni ya michezo ya mezani, bodi na karata, ipo tangu 1983, na mwaka 2024 walipita zaidi ya watu 200,000. Kumejaa, ndiyo, na meza za michezo mipya zinagombaniwa. Ila unavuta kiti, unakaa, na mara nyingi anayekueleza kanuni ni yuleyule aliyeubuni mchezo. Mmoja alinyoosha vipande vyangu kwa kidole, akaniambia "hapo utajuta", na kweli nikafungwa. Niliondoka Essen nimecheza.

PAX East, maonyesho ya gemu ya Boston, nilienda nikiwa kwa dada yangu Massachusetts. Mabanda makubwa yana foleni kama kwingine, sikatai. Lakini kuna kumbi nzima za kucheza bure: unaazima mchezo wa mezani kwenye maktaba yao, unakaa na watu usiowajua, au unashika padi kwenye chumba cha konsoli. Foleni ikikushinda, siku yako haijaharibika.

Kwa hiyo mnaoniuliza: viza ya Schengen ni euro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa hairudi. Weka nauli, weka hoteli za Köln, ambazo wiki ile zinapanda vibaya. Kama ni lazima uje Gamescom, mabanda makubwa yapite tu, nenda ukumbi wa 10 kwenye Indie Arena Booth, banda la watengenezaji wadogo wanaojitegemea, na kwenye gemu za zamani. Huko utashika padi na kuongea na waliozitengeneza.

Na waandaaji nawadai mambo mawili. Nafasi zigawiwe kwa namba au kwa muda uliopangwa, kwenye simu. Na foleni ifungwe mapema, pale hesabu inapoonyesha watu wametosha, siyo mtoto ameshasimama kutwa.

Mliokwenda PAX Aus ya Melbourne au Brasil Game Show, semeni huko foleni zinaendeshwaje.