Kitufe cha "Futa" hakifanyi kazi kwenye safu mpya

Mwanagenzi:
Habari zenu wakuu. Ninajifunza JavaScript (lugha ya kuandikia programu za kurasa za wavuti), na nimetengeneza ukurasa wa kuorodhesha wanaokopa dukani kwa mama yangu. Kila mdaiwa ana safu yenye jina, kiasi na kitufe cha "Futa". Safu 3 nilizoziandika mwenyewe katika HTML zinafutika vizuri, lakini mdaiwa mpya akiongezwa kwa fomu, safu yake inaonekana ila kitufe chake hakiitikii, wala kivinjari hakionyeshi kosa lolote. Nimeandika hivi:

`document.querySelectorAll('.futa').forEach(k => k.addEventListener('click', ondoaSafu));`

Nimekosea wapi?

Fundi wa Kurasa:
Ndugu, mstari wako ni sahihi, ndiyo maana kivinjari kimenyamaza. querySelectorAll hutafuta mara moja tu, pale mstari unapotekelezwa, na kisikilizaji (fanksheni inayosubiri tukio kama kubofya) hufungwa kwenye kitufe chenyewe, si kwenye jina "futa". Kitufe kilichozaliwa baadaye hakuna aliyekifungia chochote.

Weka kisikilizaji kimoja kwenye jedwali, ambalo lipo tangu mwanzo. Tukio la kubofya haliishii kwenye kitufe, bali hupanda kutoka kwa mtoto hadi kwa mzazi, hivyo jedwali litapata habari za kila kitufe kilichomo ndani yake, cha zamani na kipya:

```
document.querySelector('#madeni').addEventListener('click', e => {
  const kitufe = e.target.closest('.futa');
  if (!kitufe) return;
  kitufe.closest('tr').remove();
});
```

Usiache closest (inayopanda kuelekea wazazi hadi ipate '.futa') ukaikagua e.target, yaani kilichobofywa, peke yake, kwa sababu siku utakapoweka picha ndogo ya pipa ndani ya kitufe, kitakachobofywa kitakuwa ile picha.

Bi Msimbo:
Ninakubaliana naye, na ninaongeza tahadhari. Wanafunzi wengi hutatua tatizo hili kwa kuurudia ule mstari wa kwanza kila safu inapoongezwa. Kwa fanksheni yenye jina, kama ondoaSafu yako, hakuna madhara, maana addEventListener hupuuza fanksheni ileile ikisajiliwa mara ya pili kwa tukio lilelile. Lakini ukiandika fanksheni isiyo na jina papo hapo, kila marudio ni fanksheni mpya, na bofyo moja litaiendesha kazi mara mbili au tatu. Ikiwa kazi hiyo inapunguza jumla ya madeni, hesabu ya mama itaharibika bila yeye kujua.

Mwanagenzi:
Imekubali, ahsanteni sana. Nimeufuta mstari wa zamani. Bi Msimbo, kweli jumla yangu nilikuwa naipunguza ndani ya ondoaSafu. Je, niihamishie kwenye kisikilizaji kipya?

Bi Msimbo:
Usipunguze kabisa. Baada ya remove(), pitia safu zilizobaki na ujumlishe upya, kwa njia hiyo jumla haiwezi kupishana na kinachoonekana. Kisha ujue kwamba remove() huondoa safu kwenye ukurasa uliofunguliwa tu. Mama akiufungua tena kesho, wale 3 wa kwenye HTML watarudi, na uliowaongeza kwa fomu watakuwa wametoweka. Orodha ihifadhi kwenye localStorage (hifadhi iliyo ndani ya kivinjari, isiyofutika ukurasa ukifungwa) kila inapobadilika, na safu zote uzichore kutoka humo ukurasa unapofunguka.