Portal 2, sura ya 9: bomu halimpati Wheatley

mlango_buluu aliuliza:

Wakuu, naomba msaada kwenye pambano la mwisho la Portal 2, ile gemu ya mafumbo ya bunduki inayofungua milango miwili iliyounganika, ya buluu na ya chungwa. Nacheza kwenye laptop ya Windows, kipanya na kibodi.

Hali ilivyo: Wheatley, roboti adui, ananing'inia katikati ya ukumbi, ngao ziko mbele yake, gesi ya sumu imeshafunguliwa na anarusha mabomu. Kuta za mwanzo zilikuwa zinakataa mlango, ukipiga unaona cheche tu. Nikasimama mbele ya lile bomba lenye jeli nyeupe, bomu likalipasua, sasa sehemu kadhaa zimepakwa nyeupe na zinakubali mlango. Hapo ndipo nilipokwama. Naweka mlango mmoja karibu yangu na mwingine nyuma yake, bomu linaingia na kutokea vizuri, lakini ama linapita pembeni ama linagonga ngao.

Pia jeli ikianza kumwagika picha zinakatakata. Nibadilishe nini kwenye mipangilio?

Tafadhali msinitajie mwisho wa hadithi, bado sijaufikia.

---

kiini_cha_nne alijibu:

Kosa liko kwenye neno "nyuma". Wheatley hukugeukia wewe muda wote, na ngao zinageuka naye. Kwa hiyo nyuma yake ni upande ulio mkabala na pale uliposimama wewe, na ukihama tu, nyuma nayo inahama. Wengi huweka mlango wa kutokea, kisha wanakimbia kuzunguka ili wahakikishe umekaa vizuri. Wakifika huko ngao zimeshawafuata, na ule mlango uliokuwa nyuma sasa uko mbele.

Fanya hivi. Chagua kwanza pa kusimama, penye doa jeupe la sakafu mbele yako, hatua moja au mbili. Ukiwa hapohapo, tazama ng'ambo ya Wheatley utafute doa jeupe lililosimama au lililoinama kuelekea kwake. Piga mlango wa kutokea pale. Kisha piga wa kuingilia kwenye doa la sakafu lililo mbele yako. Rangi si hoja, wa buluu au wa chungwa wowote unaweza kuwa wa kuingilia. Halafu tulia. Bomu linalenga uliposimama, nawe unataka lije hapo hapo. Usisimame juu ya mlango wenyewe, utatumbukia wewe badala ya bomu.

Kuhusu kupita pembeni: mlango haugeuzi mwendo wa kitu, unahamisha tu. Kasi iliyoingia ndiyo inayotoka, na pembe pia inabaki ileile ukiipima kutoka kwenye uso wa mlango. Bomu likiingia sakafuni kwa kulala, litatoka ukutani kwa kulala vilevile, ndiyo maana linamkosa. Sogea karibu zaidi na mlango wa kuingilia ili lishuke kwa kusimama zaidi, au chagua doa la kutokea lililo karibu naye ili hata likipinda lisipate nafasi ya kumkosa. Na usiweke mlango wa kutokea kwenye sakafu tambarare iliyo mbali naye, kwa sababu bomu litaruka juu na kurudi chini bila kumgusa.

Bomu likimpata mgongoni, anazimia. Hapo GLaDOS, kompyuta aliyetawala maabara kabla yake, anakuletea kiini kibovu, yaani roboti mdogo wa duara mwenye hitilafu. Kichukue kwa kitufe cha kushikia (E, kama hujabadilisha), kimbia nacho hadi kwa Wheatley, kibandike. Viini ni vitatu.

---

jeli_tatu alijibu:

Maelezo ya kiini_cha_nne yanatosha kwa kiini cha kwanza. Kwa viwili vinavyofuata kuna mambo ambayo gemu haikwambii waziwazi.

Ukumbini kuna mabomba mengine: la jeli ya buluu inayorusha na la jeli ya chungwa inayoongeza kasi. Yanapasuliwa kwa njia ileile: mvutie Wheatley arushe bomu kuelekea kwenye bomba, wewe ukwepe. Yeye mwenyewe ndiye anayekupa vifaa.

Jihadhari na kitu kimoja. Uso mmoja hubeba jeli moja tu. Jeli mpya ikimwagika juu ya ya zamani, ya zamani inafutika. Ukumbi ule asili yake haukubali milango, unakubali pale tu penye jeli nyeupe. Kwa hiyo buluu au chungwa ikifunika doa lako jeupe, doa hilo limekufa na mlango uliokuwepo unafungika. Ukiona mlango umetoweka bila sababu, tazama rangi ya sakafu kabla hujailaumu bunduki.

Buluu: unarudi juu kwa kadiri ya ulivyoanguka, kwa hiyo ukitaka kwenda juu sana, anguka kutoka juu kwanza. Usiogope kimo. Viatu vya Chell, mhusika unayemchezesha, vinamlinda, hakuna anguko linalomuua isipokuwa la shimoni au kwenye maji machafu. Ukitaka kupita juu ya buluu bila kurushwa, chuchumaa.

Chungwa: kasi haiji papo hapo, inajengeka kadiri unavyokimbia juu yake. Anza mwisho kabisa wa njia iliyopakwa, nenda moja kwa moja, usikate kona. Ukiingia mlangoni na kasi hiyo, unatoka nayo, na ndivyo unavyovuka hadi kiini kilichokaa mbali.

Kumbuka pia kuwa mistari ya mviringo ya milango yako huonekana hata ukiwa nyuma ya ukuta. Itumie kujua mlango uko wapi bila kuzunguka na kumgeuza Wheatley.

---

fundi_skrini alijibu:

Kuhusu picha kukatakata: jeli ni mzigo kwa sababu kompyuta inahesabu matone na wakati huohuo inapaka rangi kwenye nyuso. Nenda mipangilio ya video, zima kwanza ulainishaji wa kingo (anti-aliasing), kisha shusha ubora wa sheda (shader). Washa chaguo la kutumia viini vyote vya prosesa kama limezimwa, hilo pekee husaidia sana kwenye injini hii ya Source. Zima na usawazishaji wa wima (V-Sync), kwa sababu unachelewesha kipanya, na kwenye pambano hili kuchelewa kunagharimu. Bado ikiwa nzito, punguza ukubwa wa picha hatua moja. Usiguse ubora wa michoro ya nyuso (texture) kama kadi yako ya picha ina kumbukumbu ya kutosha, hautapata nafuu yoyote.

Washa manukuu. GLaDOS husema jambo la maana katikati ya milipuko, na Wheatley hupiga kelele juu yake. Sevu kwa mkono kila ukishabandika kiini, kwenye nafasi tofauti, usiifute ile ya awali. Ukisevu huku muda wa gesi unakaribia kwisha na bomu liko hewani, utakuwa unarudi kwenye kifo kilekile.

---

mlango_buluu:

Asanteni sana. Kusimama mahali pamoja ndiko kulikotatua. Nimemaliza.

Sasa swali la wale waliomaliza tu, wengine msisome kuanzia hapa. Mwishoni tunapiga mlango mwezini: kwa nini mwezi ulikubali? Au waandishi walihitaji tu kitu kikubwa cha kumalizia?

---

kiini_cha_nne alijibu:

Hapana, jibu lilishatolewa sura ya 7, kule chini kwenye maabara ya zamani. Kabla hujaanza kutumia jeli nyeupe, sauti ya Cave Johnson, mwanzilishi wa Aperture, kampuni yenye maabara hizo, inaeleza kwamba wahasibu walimkatalia kununua mawe ya mwezi, akanunua ya dola milioni 70, akayasaga akayatia kwenye jeli. Vumbi lile likampa ugonjwa wa kumuua, lakini likaonekana linapitisha milango vizuri ajabu. Tangu hapo kila doa jeupe ulilopaka ni vumbi la mwezi. Kwa hiyo dari inapobomoka na mwezi ukaonekana, unatazama uso mweupe kuliko wote uliowahi kuuona kwenye gemu. Hakuna anayekwambia ulenge. Mkono unalenga wenyewe, kwa sababu umefundishwa hivyo kwa saa kadhaa.

Hata ile subira fupi baada ya kufyatua ina maana. Mwezi uko wastani wa kilomita 384,400 kutoka hapa, na mwanga huchukua takribani sekunde 1.3 kufika. Unafyatua, unangoja kidogo, kisha nukta ya mwanga inamulika kule.

Na utamu mwingine ni kwa waliocheza Portal ya 2007. Kule GLaDOS alishindwa kwa makombora yake mwenyewe, yaliyopitishwa mlangoni yakamrudia, na viini vyake vikachomwa kwenye tanuri. Wheatley ametazama kanda za pambano hilo. Ndiyo maana anafunika kuta zisikubali milango, anafungua gesi mara moja na kuvaa ngao. Kila hatua yake ni jibu kwa kosa la GLaDOS. Kisha bado anachagua kurusha vitu vinavyolipuka! Mimi naona hilo ndilo pambano la mwisho lililoandikwa vizuri kuliko yote kwenye gemu za mafumbo, kwa sababu ujinga wake tunaujua tangu sura ya kwanza, na ndio unaofungua fumbo.

---

jeli_tatu alijibu:

Nakubaliana kuhusu mwezi. Sikubaliani kuwa umemaliza.

Portal 2 ilitoka Aprili 2011, na hadi sasa hakuna Portal ya tatu. Aperture Desk Job ya 2022 ni ya bure na iko kwenye ulimwengu huohuo, ila ni fupi na haina bunduki ya milango. Kilichobaki cha kweli kiko ndani ya Portal 2 yenyewe: upande wa wachezaji wawili, mnaochezesha roboti ATLAS na P-body. Hadithi yake inaendelea baada ya uliyoimaliza, na kila mchezaji ana bunduki yake, kwa hiyo milango ni minne. Kwenye kompyuta moja mnaweza kugawana skrini, mmoja wenu akitumia padi. Kozi kuu ni tano, na ukizimaliza ingia Peer Review, nyongeza ya bure ya Oktoba 2011. Cheza na mtu ambaye hajawahi kuicheza, na mwachie yeye afikiri kwanza. Kuna kitufe cha kumwekea alama mahali pa kutazama, kitumie badala ya kumwambia jibu.