Maktaba ya umma na wenye biashara ndogo: tuanzie wapi?

Mkutubi_Zamu

Wakuu, naomba mawazo ya wanaoijua kazi hii. Maktaba ya umma, watumishi wawili, kompyuta nne za watumiaji, printa moja yenye skana, meza kubwa ya kusomea. Tunataka iwafae wenye biashara ndogo walio jirani, pamoja na watu wanaohangaika na mikopo na bajeti za nyumbani. Hadi sasa kuna rafu ya vitabu vya ujasiriamali, na imefanyika semina moja ya saa nne asubuhi. Waliokuja ni wanafunzi. Fedha za ziada hakuna. Kipi kianze, kipi kiachwe?

Rafu_332

Saa nne asubuhi mwenye biashara yuko kwenye biashara yake. Akiifunga aje kusikiliza mhadhara, anapoteza mauzo ya siku. Na hata akipata nafasi, mhadhara sio anachotafuta. Ana shida yenye jina: fomu ya usajili imemgomea, ameambiwa alete mchanganuo wa biashara, au hesabu za daftari hazikubaliani na pesa zilizopo. Kwa hiyo anzeni na meza, semina zitafuata.

Siku moja kwa wiki, kwa muda wa saa mbili tu, jioni watu wakishafunga. Gaweni miadi mitatu ya dakika 40. Dakika 20 hazitoshi kumaliza fomu ya mtandaoni, na saa nzima kwa mtu mmoja inaua foleni. Siku na saa zisihamishwe kwa miezi mitatu hata kama wiki mbili za kwanza hatakuja mtu, kwa sababu huduma ya namna hii husambaa kwa mdomo, na ratiba ikihama watu wanaacha kuitegemea. Anapoweka miadi mwulizeni swali moja: unataka kuondoka na karatasi gani mkononi? Jibu lake ndilo litakalowaambia muandae nini kabla hajafika.

Kuhusu rafu: vitabu vya kodi, leseni na sheria za ajira viondoeni mara sheria ikibadilika, hata kama jalada bado linang'aa. Mtu akijaza makadirio kwa viwango vya zamani, faini ni yake na lawama ni yenu. Vya uwekaji hesabu, namba 657 kwa mpangilio wa Dewey (namba za kupangia vitabu maktabani kwa mada), havizeeki haraka. Fedha binafsi ziko 332.024 na uendeshaji wa biashara 658, na katika maktaba nyingi namba hizo ziko pande mbili za chumba. Ziwekeni pamoja kwenye rafu moja ya maonyesho. Kwa biashara ndogo mfuko wa nyumbani na wa dukani ni mfuko mmoja, na hapo ndipo shida inapoanzia.

Wazo lenyewe si geni. Mkutubi John Cotton Dana alifungua tawi la maktaba kwa ajili ya wafanyabiashara mjini Newark, Marekani, mwaka 1904, na alilijaza ramani na orodha za anuani. British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, nao walifungua kituo cha biashara na miliki bunifu London mwaka 2006. Kote huko kinachowavuta watu ni taarifa ambayo mtu peke yake angeshindwa kuipata au kuilipia.

Mfano wa taarifa hiyo, na hii haina gharama: kukagua jina kabla ya kuchapisha vibandiko na mifuko. Watu wengi huamini kwamba wakishasajili jina la biashara wamelinda na alama ya biashara. Ni vitu viwili tofauti. Fungueni hifadhidata ya alama za biashara ya WIPO (Shirika la Miliki Bunifu Duniani), ni bure. Tafuteni jina kwa tahajia zote zinazotamkika sawa, kisha chujeni kwa nchi na kwa daraja la bidhaa. Madaraja ya Nice, yaani mgawanyo wa kimataifa unaotumika kusajili alama, yapo 45: 34 ya bidhaa na 11 ya huduma. Jina kama hilo likiwa kwenye daraja lingine kabisa huenda lisiwe kikwazo, likiwa kwenye daraja lilelile mtu asimame kwanza. Matokeo matupu nayo si kibali, kwa hiyo amalizie kwenye rejista ya nchi yake.

Daftari_Safu6

Naongezea upande wa pesa, maana hapa ndipo maktaba inaweza kumwokoa mtu kwa karatasi moja.

Chapisheni daftari la fedha la ukurasa mmoja wa A4 wenye safu sita: tarehe, maelezo, iliyoingia, iliyotoka, aliyochukua mwenyewe, baki. Safu ya tano ndiyo muhimu kuliko zote. Bila hiyo, ada ya shule na mboga ya nyumbani huandikwa kama matumizi ya biashara, au haziandikwi kabisa, na mwisho wa mwezi mtu anasema biashara haina faida wakati faida ameshaila kidogokidogo. Mauzo ya mkopo yasiingie kwenye ukurasa huu mpaka pesa ifike. Yawe na ukurasa wake wa wadaiwa.

Karatasi ya pili iwe ya bei. Ukinunua kitu kwa 100 ukaongeza asilimia 25, unauza 125. Faida yako ni 25, lakini ukiilinganisha na bei ya kuuzia ni asilimia 20. Mteja akiomba punguzo la asilimia 20 ukakubali ukidhani zimebaki tano, umerudi kwenye 100 kamili. Waonyesheni kwa kikokotoo, wazidishe wenyewe.

Ya tatu ni mikopo, na hii nawasihi msiiache. Chukua mkopo wa 1,200,000 kwa miezi 12, riba "asilimia 2 kwa mwezi". Maneno hayo yana maana mbili. Riba ikipigwa kwenye mkopo wote wa mwanzo, kila mwezi unalipa 24,000 za riba na 100,000 za deni, jumla 124,000. Mwisho wa mwaka riba imefika 288,000. Riba ikipigwa kwenye salio linalopungua, rejesho ni takriban 113,470 na riba yote ni kama 161,700. Tangazo linasema kitu kilekile, lakini tofauti inazidi 126,000.

Ili mtu aione kwa macho, mwambie aangalie mwezi wa saba. Ameshapunguza nusu ya deni, anadaiwa 600,000, ila riba bado 24,000, yaani asilimia 4. Mwezi wa mwisho anadaiwa 100,000 na riba ni ileile 24,000. Hapo watu hunyamaza.

Kwenye programu yoyote ya lahajedwali (kama Excel) wekeni faili yenye visanduku vitatu: mkopo, miezi, rejesho. Fomula `=RATE(12,-124000,1200000)` inatoa karibu asilimia 3.5 kwa mwezi, na hiyo ndiyo riba halisi ya mkopo wa rejesho la 124,000 ukiipima kwa salio linalopungua. Kosa la kawaida ni kusahau alama ya kutoa mbele ya rejesho. Programu inatoa hitilafu na mtu anadhani kompyuta ni mbovu. Ada ya kushughulikia mkopo na bima zikikatwa mwanzoni, kwenye nafasi ya mkopo andikeni kiasi alichokabidhiwa kweli. Riba itapanda zaidi, na ndivyo ilivyo.

Kichupo_Wazi

Mimi nagusa kompyuta tu, maana mipango mingi mizuri hufia hapo.

Kompyuta za umma mara nyingi hujifunga baada ya dakika 30 na kufuta kila kitu. Fomu ya usajili inaweza kuchukua zaidi ya hapo. Tengeni moja isiyo na kikomo siku ya miadi. Fomu ya PDF isijazwe ndani ya kivinjari: mtu anaandika kurasa tatu, anabonyeza kuhifadhi, na anaweza kupata fomu tupu. Ipakueni kwanza, ifunguliwe kwa programu ya PDF, ihifadhiwe kwenye flashi kila ukurasa ukiisha.

Viambatanisho vikikataliwa, mara nyingi faili ni kubwa mno. Skana ikiwa kwenye rangi na nukta 600 kwa inchi, hati ya kurasa chache inakuwa mzigo. Nukta 200 nyeusi na nyeupe zinatosha kwa hati ya maandishi.

Mkumbusheni mtu aje na simu yenye laini aliyojisajilia, maana namba ya uthibitisho hutumwa huko, na muda wake ni mfupi. Nywila aandike mwenyewe, mtumishi ageuze uso. Mwishoni atoke kwenye akaunti, folda ya vipakuliwa ifutwe, na mtazame kioo cha skana. Vitambulisho husahaulika pale kuliko mahali pengine popote.

Mkutubi_Zamu

Asanteni sana, nimenakili yote. Mawili yamebaki: mkutubi aishie wapi kabla hajageuka mshauri wa fedha? Na watoa mikopo wanaoomba kuja kufundisha "elimu ya fedha" bure, tuwakubali?

Rafu_332

Mkutubi anaonyesha hesabu, hachagui. "Rejesho la huu ni 124,000, la ule 113,470" ni kazi yako. "Chukua ule" si kazi yako, hata mtu akikubembeleza. Kuna maswali ya kumpeleka kwa mtaalamu moja kwa moja: barua ya mahakama, mali inayotaka kukamatwa, mkataba ambao hajasaini. Wekeni orodha ya ofisi zinazotoa msaada wa sheria na ushauri wa madeni, ihakikiwe kila baada ya miezi mitatu, kwa sababu namba ya simu iliyokufa ni mbaya kuliko kutokuwa na orodha.

Watoa mikopo, hapana, isipokuwa wakubali masharti kwa maandishi: asiuze, asichukue namba za watu, asigawe fomu, na mtumishi wenu awepo chumbani mwanzo hadi mwisho. Anayekataa sharti la namba za simu ameshawajibu. Wa "wekeza ulete wenzako" hata mlangoni asifike. Maktaba inaaminika, na watu kama hao wanautafuta ukumbi wenu kwa sababu hiyo hiyo. Mhasibu au ofisa wa kodi anayejibu maswali ni heri mara kumi.

Kuhesabu mafanikio, msihesabu vichwa. Wekeni daftari lisilo na majina: tarehe, aina ya shida, karatasi aliyoondoka nayo, swali lililotushinda. Swali likijirudia mara tatu kwenye safu ya mwisho, hapo ndipo mtafute kitabu, fomu au mtu wa kumwalika.