Ukoo wa Ngamiani: maganda ya machungwa yasitupwe

Rehema: Shikamooni wakubwa. Machungwa ya Muheza yamefika gunia zima, kesho napika jamu. Wapi hapa Tanga mjini wanauza ule unga wa kugandishia?

Shangazi Mwanaidi: Marahaba mwanangu. Unga wa nini tena na wewe una gunia la machungwa? Maganda yako wapi

Rehema: Kwenye ndoo, Juma anawapelekea mbuzi

Shangazi Mwanaidi: Weee asithubutu! Chukua ganda moja uligeuze, ule weupe laini wa ndani ndo wenye pektini, ile inayogandisha jamu, na mbegu pia zinayo. Vyote funga kwenye kipande cha kanga safi, loweka usiku kucha, asubuhi maji yatakuwa na utelezi, basi ule utelezi ndo wenyewe. Kifurushi chemsha humohumo na juisi alafu ukikamue mpaka tone la mwisho kabla hujatia sukari

Kaka Salim: Kweli kabisa, hata huo unga wa dukani mwingi unatoka kwenye maganda ya machungwa na malimao na makapi ya tufaha. Mkemia Mfaransa Henri Braconnot alishaiandika hiyo pektini tangu 1825. Ndo inayoshikanisha seli za mmea, tunda likiiva sana inavunjika ndo maana linakuwa teketeke, kwahyo siku ukipika mapera changanya na yasoiva vizuri

Rehema: Na ndimu nitie? haya matamu sana

Shangazi Mwanaidi: Tia, bila ukali haishiki. Na sukari usibanie

Juma: Jamani kwenye gunia katoka nge!! Nimemfunika na bilauri, anajaribu kupanda kioo naona tumboni ana vitu viwili kama vichanuo, ni nini?

Kaka Salim: Usimguse mdogo wangu! Nge wote wanavyo, viko nyuma ya miguu ya mwisho, anavipitisha chini kwenye mchanga ananusia, dume anajua kama jike kapita hapo. Vya dume huwa vikubwa zaidi. Mnyama mwingine mwenye hivyo hakuna, mi huyu mdudu namheshimu sana

Bibi: Juma umevaa viatu?

Juma: Ndala bibi

Bibi: Vaa viatu. Na hilo gunia mlimwage uani, msitie mikono

Shangazi Mwanaidi: Rehema ikianza kuwa nzito dondosha kidogo kwenye sahani ya baridi, isukume na kidole, ikijikunja juu zima moto hapohapo. Ukiendelea kuchemsha pektini inakatika, utabaki na sharubati