Mkono wa tremolo umelegea na unacheza, nifanyeje?

solo_wa_kwaya
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada. Nina gitaa la umeme la mtindo wa Strat, yaani Stratocaster ya kampuni ya Fender, ila sio Fender yenyewe ni haya yanayotengenezwa Asia, nilinunua mtumba likiwa halina ule mkono wa kuyumbishia sauti, nikaagiza mkono kutoka Marekani umeandikwa kabisa ni wa Stratocaster. Unaingia kwenye tundu bila shida na meno yanashika, ila unacheza. Nikiusukuma unatembea kama nusu sentimita bure kabla nyuzi hazijaanza kulegea, na kwenye amplifaya inasikika tik tik. Nikiuachia unaanguka unaning'inia. Jumapili kuna wimbo wa taratibu ambao kila mwisho wa mstari nautumia, sasa nikipeleka kidole pale nilipouacha naukosa, inaniumiza sana maana ule wimbo naupenda. Nimejaribu kuukaza na plaizi naona hausogei tena, na jamaa ananiambia nitie supa gluu yaishe. Nifanyeje?

fundi_nyuzi
Mkuu plaizi weka chini sasa hivi, na gluu isikaribie hapo. Huo mkono haukazwi mpaka mwisho kama nati ya tairi, ukiukaza sana meno yanabeba nguvu yote na siku ukiuvuta kwa hasira unakatikia ndani ya bloku, kile chuma kilicho chini ya briji, pale nyuzi zinapokalia. Mimi ulinikatikia, kipande kikabaki ndani sawasawa na uso wa briji, hakishikiki na kitu, ikabidi nitoe nyuzi zote, nitoe springi za nyuma, bloku ikaenda kwa fundi wa mashine akakitoboa taratibu na biti nyembamba. Wiki mbili sina gitaa.

Angalia hivi, chini kabisa ya lile tundu inatakiwa iwemo springi ndogo, fupi, ngumu. Kazi yake ni kuusukuma mkono kwa juu ili meno yabanane, ndio maana mkono unakaa pale ulipouacha. Kwenye gitaa la mtumba mara nyingi haipo, mtu alichomoa mkono akapindua gitaa ikadondoka na hakujua. Mulika na tochi ya simu uone. Kama haimo, kata springi ya kalamu ya kubonyeza kama milimita 8, ni laini kuliko yenyewe ila itakuvusha Jumapili. Ukitaka ya dukani mtandaoni tafuta kwa jina la tremolo, Leo Fender aliiita hivyo tangu Stratocaster ya 1954 ingawa neno tremolo kwa kawaida ni kuyumba kwa ukubwa wa sauti, na hapa kinachobadilika ni kimo chake, basi jina likabaki.

bolti_na_nati
Naongezea kwa fundi hapo juu, springi sawa lakini mimi nadhani shida kubwa ni saizi. Mikono ya Kimarekani ina meno ya inchi, wanaita 10-32, unene wake ni milimita 4.83. Gitaa nyingi za Asia ni milimita 5, nyingine 6. Sasa 10-32 na milimita 5 meno yao yamepishana kidogo mno, kwa hiyo mkono unaingia mpaka chini unadhani umepata kumbe umepwaya. Nenda duka la bolti ununue bolti moja ya milimita 5 meno ya kawaida, ijaribu kwa vidole tu, ikiingia laini bila kucheza basi umeshajua uagize mkono gani.

Kwa sasa tumia ile tepu nyeupe nyembamba ya mafundi bomba. Ncha ya meno ikutazame, zungushia kwa kufuata mshale wa saa, raundi mbili au tatu, ivute mpaka uone meno yamejichora juu yake. Ukizungusha kinyume itajikunja yote ukianza kukaza.

gita_nai
Niko Nairobi, yangu ni Floyd Rose, aina nyingine ya briji ya tremolo, so hiyo story ya springi haiko. Kama kuna mtu anasoma hapa na ako na Floyd, ni ile kola ya kuzungusha juu ndio unakaza na mkono, na ikikataa angalia nati iko chini ya briji, hulegea. Pia washa za plastiki ndani huisha.

solo_wa_kwaya
Wakuu nimerudi. Springi haikuwemo kweli, tundu tupu na vumbi. Na bolti ya milimita 5 imeingia kama imezaliwa humo, haichezi hata kidogo, nimekaa naiangalia tu. Nimeweka kipande cha springi ya kalamu na tepu raundi mbili, mkono sasa nikiuachia unabaki hapo hapo, ile tik imeisha kabisa, bado unatembea kidogo sana lakini kwa Jumapili unatosha. Mkono wa milimita 5 nimeshaagiza leo asubuhi. Fundi_nyuzi asante kwa kunizuia na ile plaizi, nilikuwa naenda kuikamata tena.