Tupeane uzoefu: Pride & Prejudice ya 2005 ilikunasa kwenye tukio gani?

Wakuu, habari za jioni. Tangu ile filamu ya Joe Wright, iliyotokana na riwaya ya Jane Austen, irudishwe kwenye kumbi za sinema mwaka 2025 kutimiza miaka 20, mitandaoni ni mkono, mkono, mkono. Darcy, yule tajiri mwenye maringo, anamshika Elizabeth, binti wa akina Bennet, kumpandisha kwenye gari la farasi, hasemi kitu, anageuka kuondoka, na kamera inashuka kwenye vidole vyake vinavyojinyoosha kama vimegusa pasi ya moto. Sekunde chache tu.

Mimi ni mtu wa filamu za ngumi. Hii niliiona kwa sababu dada yangu alikuwa ameteka rimoti, nikakaa nikimsubiri asinzie. Ule mkono ulipopita nilikuwa nimeshasahau kuwa kuna mpira. Haya, leteni za kwenu: nani alikukalisha, na ulinaswa wapi? Umbea wa ndoa za waigizaji tuuache.

Mama Wanne
Mimi nilinaswa na Mama Bennet, mama yake Elizabeth, na nitamtetea hadi kesho. Wote mnamcheka Brenda Blethyn anavyolalamikia neva zake, ila hesabu zake hamzitazami. Nyumba ya Longbourn imewekewa sharti la kurithiwa na mwanamume, yeye ana mabinti watano, na mrithi ni Collins, binamu wa mumewe. Siku Collins anapokuja kula, anasifia viazi vya kuchemsha. Wengine wanacheka viazi. Mimi naona mtu anakagua mali.

Baba yetu alipofariki, hata arobaini haijafika, ndugu mmoja wa ukoo alikuja kutupa pole. Baada ya chai akatoka nje, akaanza kupima uwanja kwa hatua, kutoka kisimani mpaka mnazi wa mpakani. Tulikuwa wasichana watupu. Mama alisimama dirishani jikoni, midomo inacheza, naye anahesabu hatua zilezile. Kwa hiyo mwanamke akikimbiza wachumba kwa kelele mimi sicheki. Na huyo Mzee Bennet mnayempenda kwa utani wake, yeye alifanya nini zaidi ya kujifungia na vitabu?

Shangazi wa Mjini
Mama Wanne, umesema kweli. Mimi ni Charlotte kwenye bembea. Anamwambia rafiki yake Lizzie, yaani Elizabeth, kuwa yeye ana miaka 27, hana pesa, ni mzigo kwa wazazi wake, na anaogopa. Ndiyo maana kamkubali Collins. Niliiona nikiwa na umri huohuo, usiku ambao nilitoka kwenye sendofu ya mdogo wangu ambako kila meza niliyopita niliulizwa "na wewe lini?" Elizabeth alinikera sana pale. Uso unamkunjamana utafikiri mwenzake kaiba. Nilizima, nikaja kuimalizia baadaye hasira zimepoa.

Kisauni Kwetu
Posa ya kwenye mvua, basi. Kitabuni hakuna mvua: Darcy anaposa ndani, nyumbani kwa Collins. Wright akawapeleka bustani ya Stourhead, Wiltshire, wakagombana wamelowa chapachapa. Jamaa anatangaza mapenzi huku anaorodhesha kasoro za ukoo wa binti! Mimi nimewahi kuposwa namna hiyo. "Nyumbani hawakutaki, lakini mimi nimeshaamua." Nikamwambia arudi akawasikilize wazazi wake, ndio waliomzaa. Darcy angalau aliandika barua ya kujieleza. Wangu hakutuma hata meseji.

Mzee wa Vitabu
Nitoke kidogo nje ya filamu. Darcy ana pato la paundi 10,000 kwa mwaka. Jane Austen, aliyemtunga, aliuza haki za riwaya nzima kwa paundi 110, na ilipotoka 1813 jina lake halikuwekwa. Aliomba 150, mchapishaji akamkatalia. Kila Collins akiongea namkumbuka huyo mchapishaji.

Nipo Derby
Salaam kutoka Uingereza. Kazi yangu ni kuhudumia wazee, na kuna bibi mmoja hataki kabisa kuisikia hii ya 2005. Kwake Darcy ni Colin Firth wa ile tamthilia ya BBC, sehemu sita za mwaka 1995, mjadala umefungwa. Kinachomuudhi zaidi ni yule nguruwe anayepita ndani ya nyumba ya akina Bennet. Mimi napenda hasa hapo: matope kwenye pindo za magauni, bata, nguo zimeanikwa, nyumba ina watu. Wright aliirudisha hadithi nyuma mpaka mwishoni mwa miaka ya 1790, Austen alipokuwa anaandika rasimu ya kwanza, na kila kitu kinaonekana kimetumika.

Siku yangu ya mapumziko nilikwenda Chatsworth, iliyotumika kuwa Pemberley, jumba la Darcy. Kwenye riwaya Elizabeth anasimama mbele ya picha ya Darcy iliyochorwa. Kwenye filamu anapita katikati ya sanamu za marmari mpaka anakutana na sanamu ya kichwa cha Matthew Macfadyen, mwigizaji wa Darcy, iliyotengenezwa kwa ajili ya filamu hiyo. Niliporudi kazini nikamwonyesha bibi picha ya kile kichwa kwenye simu. Akavaa miwani, akaikuza, akaitazama vizuri, akanirudishia simu: "Huyu simjui."

Kisauni Kwetu
😂😂 Bibi apewe maua yake.

Bwana Harusi Mpya
Nyie mnaongelea matukio, mimi nina onyo. Filamu hii ina miisho miwili. Ya Uingereza inaishia kwa Mzee Bennet anacheka peke yake baada ya kutoa ruhusa Elizabeth aolewe na Darcy. Ya Marekani inaongeza usiku wa Pemberley, wawili wameshaoana, na busu. Mke wangu alinihakikishia filamu haina jambo, nikaiweka sebuleni na baba mkwe amekaa palepale kwenye kochi. Ilikuwa nakala ya Marekani. Mzee alianza kukohoa, akauliza kama maji yametoka leo, akainuka mwenyewe kwenda kukagua tangi.